Alipita ukaguzi, nikamtoa. Je, nilikosea?

*"Assalamu alaikum daktari. Mimi ni saisi, natunza farasi wa tajiri wangu hapa Mtwapa. Mwezi uliopita tulimwingiza farasi wetu jike, umri miaka 9, mchanganyiko wa Kiarabu na Kisomali, katika mashindano ya safari ndefu, kilomita 80, kwenye barabara za mashamba ya mkonge. Mizunguko ilikuwa mitatu, na kila mmoja ukiisha farasi hukaguliwa. Baada ya ule wa kwanza, kilomita 30, mapigo ya moyo yalishuka hadi 60 kwa dakika, ndani ya dakika 4. Baada ya wa pili, kilomita 30 nyingine, yalichukua dakika 13 kufika 62. Kikomo kilikuwa 64 ndani ya dakika 15, basi daktari wa mashindano akampitisha. Hakuwa akichechemea. Lakini ndoo ya maji aliinusa tu akaiacha, majani hakuyagusa, akasimama kimya masikio yameanguka. Nikamwambia tajiri tumtoe, na zilikuwa zimebaki kilomita 20 tu. Akakubali shingo upande. Jioni ile ile farasi alikula, akanywa, na asubuhi aliamka mzima. Sasa kila mtu bandani ananiambia nimetupa medali kwa woga wangu. Je, nilikosea? Mara nyingine nitajuaje? La mwisho, kuna mzee ameniambia nimnyweshe maji ya bahari kidogo yamrudishie chumvi. Ni kweli?"*

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Hukukosea. Nimeanza na jibu kwa sababu barua yako inaonyesha umelala na swali hili siku nyingi. Ila ukinitaka nithibitishe, sitaweza, na wewe hutaweza, na hapo ndipo wanapokupatia hao wa bandani. Farasi aliyetolewa kwa wakati wake huamka mzima. Uzima huo huo ndio watu wanaougeuza kuwa ushahidi dhidi yako: "Si umeona, hakuwa na kitu!" Angeangukia njiani kilomita ya 70, wote wangekuwa upande wako, na gharama angeilipa farasi.

Tulichambue kwanza hilo neno "alipita", maana ndilo linalowapoteza wengi. Ile 64 ni ukuta wa mwisho, umewekwa ili farasi ambaye tayari yuko taabani asiendelee. Aliye upande wa ndani wa ukuta anaweza kuwa katikati ya uwanja, na anaweza kuwa ameuegemea ukuta wenyewe. Daktari wa mashindano humwona farasi kwa dakika chache, na nyuma yake kuna foleni. Huenda hakuwa na habari kwamba saa chache nyuma jike wako alitumia dakika 4. Pengine aliliona kwenye kadi ya ukaguzi, pengine macho yake yalikimbilia ile 62 na saa. Simlaumu, nimesimama mahali pake mara nyingi. Wewe ulikuwa na namba mbili, 4 na 13, na mwendo kutoka moja kwenda nyingine ndio habari yenyewe. Farasi aliyetoka 4 kwenda 6 amechoka kama inavyotarajiwa. Aliyetoka 4 kwenda 13 kuna kitu kimebadilika ndani yake.

Na kumtoa farasi si kushindwa, ingawa najua bandani maneno haya hayanunui medali. Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulianza Marekani mwaka 1955, kwenye safari ya Tevis huko California, maili 100, yaani kilomita 160, kwa siku moja. Mpaka leo wanaoanza safari ile ni wengi, wanaomaliza ni takriban nusu. Wanaorudi bila kumaliza ni pamoja na watu waliozaliwa juu ya tandiko. Hata anayefika mwisho hukaguliwa tena, na swali analoulizwa daktari pale ni hili: farasi huyu, angeambiwa aendelee, angeweza? Akionekana hawezi, kufika kwake hakuhesabiwi. Kwa hiyo medali wanayosema umeitupa ilikuwa bado haijashikwa.

Sasa ile ndoo aliyoinusa akaiacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika barua yako, nzito kuliko hata dakika 13, na nataka uielewe vizuri kwa sababu utaiona tena.

Watu husema, "Hakunywa, basi hana kiu, basi maji yanamtosha." Kwa binadamu hesabu hiyo inakaribia ukweli. Kwa farasi ni hatari. Chukua sufuria mbili za mchuzi. Moja iache motoni ichemke: maji yanapaa, chumvi inabaki, mchuzi unapungua na unakolea. Nyingine usiichemshe, ichote kwa upawa: unapungua vilevile, lakini ukionja, ladha ni ile ile. Jasho la binadamu ni kama sufuria ya kwanza. Linatoka maji mengi na chumvi kidogo, damu inakolea, ubongo unaonja damu iliyokolea na kupiga kelele ya kiu. Jasho la farasi ni sufuria ya pili. Lina chumvi sawa na damu yake, na mara nyingine zaidi, kwa hiyo damu inapungua bila kukolea. Ubongo unaonja, unakuta ladha ni ile ile, unasema mambo yako sawa. Ndipo unamwona farasi aliyekauka amesimama mbele ya ndoo ya maji safi na hana habari nayo.

Na kiasi kinachotoka si cha mchezo. Misuli inapofanya kazi, karibu sehemu nne kati ya tano za nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto, na farasi hulitoa joto hilo kwa jasho zaidi kuliko kitu kingine. Kwenye joto kali anaweza kutoa lita 10 kwa saa, hata 15. Ni yale majerikeni ya lita 20 unayoyaona kwenye mikokoteni ya maji: kwa lita 10 kwa saa, moja limekwisha kwa saa mbili. Sisi wa Pwani tuna balaa letu la ziada. Jasho linapoza linapokauka mwilini, siyo linapodondoka chini. Nguo ulizofua wakati wa masika unajua zinavyokaa kambani kutwa na hazikauki. Ngozi ya farasi ni hivyo hivyo katika unyevu wa hapa, na kati ya Januari na Machi, kaskazi inapovuma na mchana ukafika nyuzi 32 au 33, anaweza kuchuruzika jasho toka shingoni hadi kwatoni na joto la ndani likabaki pale pale. Kinachotoka ni maji na chumvi bila faida.

Damu ikishapungua, moyo unagawa kidogo kilichopo. Misuli inataka, ngozi inataka ili ipoe, na wa kunyimwa huwa ni utumbo. Ndiyo sababu farasi anaacha majani. Hajawa na maringo, tumbo lake limefungwa kwa muda, na tumbo la farasi likisimama ndugu yake ni msokoto. Moyo nao hulazimika kupiga zaidi ili kuzungusha kile kilichobaki. Rudi sasa kwenye barua yako: dakika 13, ndoo, majani, masikio. Uliandika mambo manne kana kwamba ni manne. Mimi naona jambo moja limejitokeza kwa nyuso nne.

Nikueleze kisa changu, nacho si cha kujivunia. Miaka mingi nyuma nilimpitisha farasi dume wa kijivu aliyekuja na mapigo 63. Karatasi yote ilikuwa safi. Saisi wake, kijana wa kama umri wako, aliniambia tu, "Daktari, leo hajanisukuma kwa kichwa akitaka ndizi." Nilicheka. Haikupita saa mbili tukamfuata kwa gari, amesimama kwenye mchanga, ubavu unamchezacheza kwa mpigo ule ule wa moyo, kama mtu mwenye kwikwi isiyokatika. Hiyo hutokea chumvi za mwili zikivurugika na kalisiamu ya kwenye damu ikashuka: mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kupumulia hupita karibu na moyo, nao ukishakuwa mwepesi wa kushtuka, kila moyo unapopiga kiwambo nacho kinaruka. Alipona, baada ya dripu za usiku kucha. Tangu siku ile, saisi akiniambia farasi wake "si yeye", naandika kwenye kadi.

Je, angeweza kumaliza jike wako? Sitakudanganya: huenda angemaliza. Kilomita 20 kwa kutembea na telki, yaani mchakamchaka, ya polepole, jua likianza kushuka, farasi wengi wa hali yake hufika. Wengine hawafiki, na pale ulipokuwa hakukuwa na njia ya kumjua yeye ni wa kundi lipi. Ukiendelea ukapatia, umepata medali. Ukiendelea ukakosea, unaweza kupata msokoto wa tumbo, misuli kufa, figo kuharibika, au siku mbili tatu baadaye kwato kuwaka moto. Vitu hivyo havilingani kwenye mzani.

Kuna jambo moja ungeweza kulifanya kabla ya kumwambia tajiri, na nakupa kwa ajili ya safari ijayo. Ulikuwa na mapumziko ya lazima pale kituoni, dakika 40 au hapo karibu. Yatumie. Namba ya kwanza ya mapigo inaweza kusaidiwa: ukimmwagia maji ya barafu na kumtuliza, 66 inashuka hadi 62 kwa dakika zile za ukaguzi, halafu inapanda tena ukimwacha. Kwa hiyo mpime mara ya pili akiwa kivulini, ametulia, nusu saa baada ya kufika. Farasi mzima atakuwa ameshuka hadi hamsini na kitu au chini yake. Aliyegandia sitini na kitu haendi popote. Kisha fanya jaribio hili, halihitaji zaidi ya stetoskopu na saa. Hesabu mapigo, mkimbize kwa telki mita 40 kwenda na 40 kurudi, msimamishe, na dakika moja tangu aanze kukimbia hesabu tena. Namba ikirudi pale pale au ikapanda kwa pigo mbili tatu, mwili una akiba. Ikiwa ilikuwa 60 na sasa ni 70, umejibiwa.

Mwekee sikio au stetoskopu ubavuni, pande zote mbili, juu na chini. Tumbo linalofanya kazi linanguruma kama gari kubwa linalopita barabara ya mbali. Kimya ni kibaya. Mbonyeze ufizi kwa kidole uachie: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Kufinya ngozi ya shingo ili kuona kama amekauka kila mtu anakujua, lakini mimi sitegemei sana kipimo hicho, ngozi ya farasi mzee au mwembamba hudanganya. Kama jike wako angekuwa na mapigo hamsini na matatu, tumbo likinguruma, akajisaidia, akala majani japo kidogo na kunywa nusu ndoo, ningekuambia mpande, twende pole. Dalili moja peke yake mara nyingi haitoshi. Farasi wengi hawagusi maji mzunguko wa kwanza, na hapa kwetu wengi huhema haraka kuliko moyo unavyopiga kwa sababu wanajipoza kwa pumzi. Ukiona hivyo chukua kipimajoto. Nyuzi 39 na kitu zinazoshuka, subiri. Zaidi ya 40 na hazishuki, safari imekwisha.

Kuchechemea ni kesi tofauti, hakuna mzani wala mjadala. Kote mchezo huu unapochezwa, hicho ndicho kinachowatoa farasi wengi kuliko kingine chochote. Mkimbize kwenye ardhi ngumu hatamu ikiwa imelegea, utazame kichwa: kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo ndio wenye maumivu. Nalisema hili hasa kwenu mnaofanyia mazoezi ufukweni. Mchanga hujenga pumzi na misuli, lakini haumzoeshi farasi barabara ya murram iliyokauka.

Kuna mambo ambayo hayangojei mashauriano, unamwita daktari hapo hapo. Mapigo yaliyokataa kushuka chini ya 64 baada ya nusu saa ya kupoa. Ubavu unaoruka na moyo kama nilivyoeleza. Misuli ya matako iliyokaza kama ubao, farasi hataki kupiga hatua, na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa chungu. Huyo usimtembeze hata hatua kumi, maana kila hatua inazidi kuvunja misuli na uchafu wake unaziba figo. Kuparapara chini, kugeuka kutazama ubavu, kulala na kujibiringiza. Na yule aliyezubaa tu, humwamshi kwa jina wala kwa chakula. Wakati unamngoja daktari, mpoze: maji baridi mwili mzima, mfululizo, bila kungoja. Ile hofu ya kwamba maji baridi yatamkaza misuli haina msingi, na hofu ya kwamba farasi mwenye joto akinywa atakufa nayo haina. Anywe.

Usimnyweshe kwa chupa kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Usimpe unga wa chumvi mdomoni kama hanywi, utavuta maji yale machache kutoka mwilini kuyapeleka tumboni. Na tafadhali, usikimbilie agroveti kununua sindano ya maumivu. Dawa zile kwa farasi aliyekauka zinaua figo, na zinaficha maumivu ambayo daktari anayahitaji ili ajue pa kushika. Wala usimpakie kwenye lori arudi Mtwapa usiku huo. Kusimama kwenye gari ni kazi, na kazi ndiyo iliyomfikisha hapo. Alale huko, apate saa za kutosha.

Mambo mawili ya kufanya wiki hii. Kwanza, mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa amchukue damu. Nakuambia hivi kwa sababu farasi aliyeandaliwa sawasawa hapaswi kuporomoka toka 4 hadi 13 katika mwendo wa kawaida, na huku Pwani tuna maradhi yanayokula damu kimyakimya. Kama huwa mnampeleka upande wa Shimba Hills, kuna mbung'o, na farasi hawavumilii ugonjwa wa mbung'o kama ng'ombe wa kienyeji. Homa ya kupe nayo iko. Akiwa na upungufu wa damu, moyo utachelewa kushuka hata ukimfanyisha mazoezi mwaka mzima. Muulize daktari hasa kuhusu hayo mawili, na asikilize moyo wenyewe pia. Mpaka majibu yatoke, awe anatembea tu.

Pili, zungumza na tajiri wako, na usiende kujitetea. Mwombe mkubaliane jambo moja kabla ya safari nyingine, nyumbani, mkiwa mmekaa: ni nani mwenye neno la mwisho pale kituoni, na kwa dalili zipi. Andikeni namba za farasi akiwa zizini asubuhi, mapigo, joto, pumzi, siku saba mfululizo. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Mtu akiwa amelipia kiingilio, mafuta ya lori na hoteli, kichwa chake hakipimi sawa, na simaanishi yeye tu, hata mimi. Makubaliano ya jana ndiyo yanayomsaidia. Nimpe haki yake pia: alikubali. Shingo upande, lakini alikubali, na wapo matajiri ambao wangekuambia shika hatamu unyamaze.

Mzee wako wa maji ya bahari ana nusu ya ukweli. Chumvi inahitajika, na farasi aliyekauka akipewa maji yenye chumvi kidogo mara tu anapofika, mara nyingi hunywa zaidi, na hata yale matupu atakayopewa baadaye huyanywa zaidi, kwa sababu chumvi inamwamshia ile kiu iliyolala. Lakini kipimo ni gramu 9 kwa lita. Ndoo ya lita 20 inataka gramu 180, yaani theluthi ya pakiti ya nusu kilo na kidogo juu. Bahari ina takriban gramu 35 kwa lita, karibu mara nne, na hiyo itamkausha na kumharisha. Tumia chumvi ya kawaida ya jikoni, umzoeshe nyumbani kwanza, na kila mara weka ndoo ya maji matupu kando yake achague mwenyewe. Bahari iachie miguu. Siku inayofuata safari mpeleke asimame kwenye maji ya magoti dakika ishirini, halafu msuuze vizuri kwa maji ya kisima, hasa pale mkanda wa tandiko unapopita, chumvi ikikaukia hapo itamchubua. Kwa siku tatu, kila asubuhi, mwekee kiganja kwenye kwato za mbele. Zikiwa za moto kuliko jana, au akisimama kana kwamba anaogopa kukanyaga, nipigie kabla hujamtoa bandani.